Mkono wa Unga Mgongoni mwa Eliwaza

Ule mkono mweupe wa unga mgongoni mwa mke wangu nilikwisha kuwaeleza katika sehemu iliyopita. Vidole vitano, wazi kabisa, juu ya kanga yake ya maua, chini kidogo ya bega la kushoto. Nilikwisha kuwaeleza pia kwamba haukuwa mkono wangu.

Msomaji mmoja wa Lembeni ameniandikia barua kuuliza kama nilimpiga Eliwaza siku ile. Sikumpiga, ndugu yangu. Nilifanya jambo baya kuliko kupiga, na leo nitalisema, maana nilipoanza kuandika habari hizi niliapa sitaficha kitu.

Kwa asiyenijua, mimi ni Melkizedeki, Mpare wa mlimani. Mwaka huo wa hamsini na mbili, Mwingereza akiwa bado ametukalia, nilikuwa kibarua kwenye kinu cha mawe cha Bwana Stavro, Mgiriki, karibu na stesheni ya Same. Mawe meupe yalichimbwa chini ya mlima, yakavunjwa kwa nyundo, yakatupwa kwenye taya la mashine, kisha yakasagwa ndani ya pipa kubwa lenye gololi za chuma mpaka yakawa unga. Unga huo ulikuwa mbolea. Ulitiwa magunia, ukapanda treni kwenda kwenye mashamba ya Wazungu. Sisi wenyewe hatukuutia mashambani mwetu, na sababu yake mtaisikia.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuonja.

Msicheke. Ungo wa waya hutoboka, na macho hudanganywa na vumbi, lakini meno hayadanganyiki. Kabla gunia halijashonwa nilichota ncha ya kidole, nikaweka kati ya meno ya mbele, nikauma. Unga ukilia menoni, ni namba mbili, chenga, unarudi kwenye pipa. Ukinyamaza, ni namba tatu, unga hasa. Kisha unatema. Asiyetema hufungwa tumbo siku tatu. Kwa miaka minne nilionja na kutema, na Bwana Stavro aliniamini kuliko alivyoamini mzani wake.

Pale kinuni kila mtu alikuwa na vumbi lake. Wavunja mawe walirudi kambini na vumbi la kijivu lenye mchanga. Watu wa taya walikuwa na namba moja, ya chembe kubwa, inayowasha shingo. Ungenifumba macho ukanipa shati la mtu yeyote, ningekuambia anasimama wapi.

Basi siku ile ya kanga nilifanya nilichozoea. Nilipitisha kidole juu ya ule mkono mgongoni mwa mke wangu, yeye mwenyewe akiwa ameinama anapakua makande, nikatia kidole mdomoni.

Kimya. Namba tatu.

Na chumba cha magunia, penye namba tatu, alifanya kazi mtu mmoja tu. Manase.

Ngoja niwaambie habari za Manase. Tulitahiriwa msimu mmoja. Tuliimba kwaya moja ya Kilutheri, yeye akiimba sauti ya kwanza ya wanaume na Eliwaza akisimama safu ya mbele yake. Alikuwa mrefu. Hakuwa na mke. Alikuwa na meno yake yote, meupe, na alipocheka uliyaona mpaka ya mwisho. Ya kwangu yalikuwa yameliwa na jiwe, yamebaki mafupi kama ya ng'ombe mzee. Kila nilipomtazama nilifunga mdomo wangu.

Eliwaza aliteremka kila Alhamisi, siku ya gulio la Same. Aliuza ndizi zake, akaniletea makande kinuni, kisha akapanda mlima kurudi nyumbani, mwendo wa saa tatu. Mimi nililala kambini juma zima, nikapanda Jumamosi. Kwa hiyo kati ya gulio na kunipa makande kulikuwa na nafasi ambayo sikuijua. Nafasi hiyo ndiyo iliyonila.

Jumamosi ya juma lile nilipita kwa mama mmoja anayeuza dengelua, maana pombe ya miwa humtuliza mtu, ingawa mchungaji hakuipenda. Nikamkuta Sefania, mvunja mawe wa kinuni kwetu, amekwisha kunywa kibuyu kimoja.

"Melki," akasema, "umehamisha shamba?"

"Kwa nini nihame?"

"Ijumaa maji yenu ya ndiva hayaingii kwako. Mke wangu ameyaona mara mbili. Yanakwenda kwa Bibi Dorkas."

Asiyetoka kwetu hawezi kujua uzito wa neno hilo. Ndiva ni bwawa letu la mlimani. Hujaa usiku, hufunguliwa asubuhi, na kila nyumba ina zamu yake tangu enzi za mababu. Sisi tulikuwa na zamu mbili, Jumanne na Ijumaa. Mpare atakupa ndizi, atakupa hata mbuzi. Zamu ya maji hakupi, labda mmetoka tumbo moja.

Na Bibi Dorkas ni mama yake Manase.

"Wewe ndiye uliyempa?" Sefania akauliza.

"Ndiyo," nikasema. Uongo wangu wa kwanza ulikuwa huo, na niliusema kwa aibu tu.

"Mimi basi sina neno. Ila wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako."

Hakujua habari za kanga. Maskini Sefania alikuwa anapiga domo tu. Lakini mimi niliisikia methali ile kama mtu aliyetajwa jina barazani. Nikakiacha kibuyu nusu nikapanda.

Eliwaza alikuwa jikoni, mtoto wetu Kaanaeli anacheza na magunzi mlangoni.

"Ijumaa ulimwagilia?" nikauliza kabla sijakaa.

"Nilimwagilia."

"Maji yalitosha?"

"Yalitosha, Baba Kaanaeli."

Alisema hivyo akitazama chungu.

"Na kanga yako, Alhamisi ile, ilishikwa na nani?"

"Pale kwenu kuna vumbi. Mtu akipita tu anarudi mweupe."

"Vumbi lina vidole?"

Akakoroga chungu, akakoroga tena. "Kula," akasema. "Yanapoa."

Ningeuliza mara ya tatu angeniambia. Leo najua. Lakini sikutaka kuambiwa. Nilikuwa nimekwisha kuwaona wawili wale mle chumbani kati ya magunia, nimewaona kwa macho ya moyo, na mtu akishaona hivyo hata akiambiwa haoni kingine. Nilikula makande yale yote bila kusikia ladha. Jumapili nilikwenda kanisani nikamsikiliza Manase akiimba, nikatamani koo lake likauke.

Jumatatu asubuhi behewa lilikuwa linangoja stesheni. Magunia arobaini, yote ya Manase. Bwana Stavro alisimama mlangoni na kofia yake, ana haraka.

"Melki, onja. Upesi, upesi."

Manase akafungua gunia la kwanza, akanisogezea, akacheka yale meno yake. "Karibu mezani, ndugu yangu."

Nikachota. Nikauma. Wasomaji wangu, nasema mbele ya Mungu, unga ule ulikuwa laini kuliko unga wowote niliopata kuonja. Ulikuwa kimya kabisa. Ladha yake ni ya ganda la yai, na siku ile ilikuwa safi.

Nikatema.

"Namba mbili," nikasema.

Manase akafikiri namtania. "Onja tena, Melki."

Nikaonja tena, polepole, kama mtu wa haki. "Unalia. Ni chenga."

Gunia la pili, namba mbili. La tatu, namba mbili. Nilitaka kitu kimoja tu, afukuzwe. Arudi mlimani, au aende Kileo akalime mpunga, au aende popote ambako mke wangu hapiti siku ya Alhamisi. Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu yangu yote.

Bwana Stavro hakumfukuza. Aliinama akauchukua ungo, akaunyanyua kwenye mwanga wa mlango, akautazama waya mmoja mmoja.

"Ungo mzima," akasema. "Hapana tobo. Sasa chenga inapita wapi?"

Akautupa ungo juu ya magunia.

"Mimi nasema inapita wapi. Inapita kwa mkono. Mtu anatoa unga mzuri, anauza. Anajaza gunia kwa takataka." Akamgeukia Manase. "Wewe. Unga wangu uko wapi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Uongo wangu nilioupima vizuri kwa kimo cha Manase ulikuwa umeota miguu, unakwenda wenyewe.

"Sijui, Bwana," Manase akasema.

"Hakuna kilichotoka chumba hiki?"

Manase akanyamaza. Akanitazama mimi, kisha akatazama chini. Kunyamaza kwake kulimmaliza. Kabla ya saa nne askari alikuwa amefika kutoka bomani, amemfunga mikono kwa kamba ya magunia, na Bwana Stavro alikuwa anapiga kelele kwamba watu wa mlimani wanamwibia, kwamba unga wake uko kwenye mashamba ya huko juu, na kwamba mwenye shamba litakaloonekana na unga wake ataingia jela pamoja na mwizi.

Nilisimama karibu na mlango nikaona Manase anapitishwa. Niliyoyangoja siku nne yalikuwa mbele ya macho yangu. Nilisikia raha, siwafichi. Ilidumu kama hatua sita.

Alipofika kwangu alijifanya anajikwaa, akasema kwa Kipare, upesi, askari asielewe.

"Mwambie mkeo afukie."

"Afukie nini?"

"Zile takataka za sakafuni ninazompa. Zile za kufagia, ambazo tulikuwa tunamwaga korongoni. Aliniomba kwa ajili ya maharage yenu. Mama yangu anapata zamu moja ya maji, yeye anapata kikapu kila Alhamisi."

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuogopa. Wewe uliapa mbele ya ukoo." Askari akamvuta, naye akageuza shingo. "Alhamisi iliyopita, kabla hajakuletea makande, alikuja kukichukua kikapu akifiche nje, na kilikuwa kizito. Nilipomtwisha aliyumba kizingitini, nusura aanguke, nikamshika mgongo. Na wewe, Melki, meno yako leo yana nini?"

Alikuwa anakwenda jela kwa ajili ya mdomo wangu, naye anaulizia afya yangu.

Sasa mtasikia kile kiapo. Wapima ardhi walipokuja kupima mashamba ya mkonge kule bondeni, walipaka mawe chokaa kwenye mipaka. Palipopakwa chokaa palikuwa si petu tena. Kwa hiyo Bwana Stavro alipotuambia tujaribu unga wake mashambani, wazee walikaa kikao wakasema: huu ni ujanja uleule, shamba likishakuwa jeupe Mzungu atakuja kulichukua. Na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi, mimi ninayeusaga. Nilisimama nikaapa. Unga ule ukiingia shambani kwangu, nikasema, aliyeuingiza hata kama ni mke wangu atarudi kwao Myamba na nguo zake kichwani.

Watu walinipigia makofi. Eliwaza alikuwa nyuma, amembeba Kaanaeli. Mwaka huo maharage yetu yalikuwa yametoka manjano.

Pale mlangoni kinuni Bwana Stavro akaninyooshea kidole. "Melki aende na askari. Mdomo wake unajua unga wangu. Yeye ataonja udongo."

Askari mwingine alikuwa ameitwa. Na Jumbe Eliezeri, mzee wetu mwenye daftari lisiloachana na kwapa, alikuwa Same kwa shughuli zake za baraza, akaambiwa atuongoze.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, mwanangu. Kazi mbaya hii."

"Mzee, niache nitangulie. Nina miguu ya haraka. Nitawaambia watu mnakuja, wasishtuke."

"Mwizi ndiye anayepelekewa habari," Jumbe akasema. "Tutakwenda pamoja, polepole. Magoti yangu si yako."

Saa tatu za kupanda zikawa saa nne. Nilikwenda mbele, nikaitwa nyuma. Nilimwona mama mmoja anateremka na kuni, nikataka kumtuma, nikamkuta askari yuko begani kwangu. Kila kona ya njia nilikuwa namsemesha mke wangu kimoyomoyo, fukia, Eliwaza, fukia, kama kwamba mawazo ya mtu yanaweza kulima.

Tulianza kwa Bibi Dorkas, kwa sababu mwanawe ndiye mshukiwa. Bibi alikaa kizingitini, hajaelezwa kitu, anatutazama tunavyokanyaga mihogo yake. Udongo wake ulikuwa na unyevu wa maji yangu. Nikachota, nikauma, nikatema.

"Udongo mtupu," nikasema. Na ilikuwa kweli.

Tukaenda shamba la pili, la tatu. Udongo mtupu. Jumbe Eliezeri alikuwa amechoka, anajipepea kwa daftari. "Basi tumefanya walivyotaka," akasema. "Hakuna kitu. Turudi tukawaambie."

Nikapumua. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilipumua mpaka chini. Nikaanza kupanga maneno ya kumtoa Manase, nikasema moyoni kesho nitamwambia Bwana Stavro kwamba nilikuwa na homa, ulimi ulikuwa mchungu.

Askari alikuwa amesimama ukingoni anakojoa. Akamaliza, akatazama chini mteremkoni.

"Lile la nani pale?" akauliza.

"Lipi?"

"Lile la maharage. Yote ya huku yana manjano. Mbona yale yanacheka peke yake?"

Sikuwa nimeliona shamba langu kwa miezi miwili. Jumamosi nilifika jua limelala, Jumapili nilikwenda kanisani, na shamba lile liko chini, halionekani kutoka nyumbani. Nililiona sasa. Maharage yalikuwa ya kijani kibichi, majani mapana, yamepanda miti yake mpaka juu. Mtu yeyote angejua huyu mwenye shamba anakula mwaka huu.

Jumbe akanitazama, akainamisha kichwa. "Ni la huyu," akasema polepole. "La mwonjaji mwenyewe."

"Vizuri," askari akasema. "Hatutahangaika kumtafuta mwenyewe."

Eliwaza alikuwa shambani. Alikuwa anapalilia, kanga ile ile kiunoni, Kaanaeli amelala kwenye kivuli cha migomba. Alipotuona aliinuka. Akamwona askari, akamwona Jumbe, akamwona mumewe siku ya Jumatatu ambayo si siku yangu ya kupanda. Jembe likamtoka mkononi.

"Shikamoo, Jumbe," akasema.

"Marahaba, mama."

Hakunisalimu mimi. Alinitazama tu, na nikajua anafikiri nimewaleta mimi. Anafikiri nimegundua kiapo kimevunjwa nikaenda kumshtaki kwa serikali. Nilitaka kumwambia sivyo. Lakini ilikuwa ndivyo, kwa njia mbaya kuliko aliyoifikiria.

Askari akachutama, akafukua kwa ncha ya rungu lake chini ya shina moja. Udongo wetu ni mwekundu. Pale chini palikuwa na mstari mweupe, mwembamba, kama maziwa yaliyomwagika.

Akaujaza kiganja chake, akanisogezea.

"Onja."

Kama nikisema ni unga wa Bwana Stavro, Eliwaza ataingia jela kama mpokea mali ya wizi, na akitoka, ukoo utanikumbusha kiapo changu. Kama nikisema si unga, nimesema uongo mbele ya Jumbe juu ya kitu ambacho kila mwenye macho anakiona, na nitafungwa mimi, na Manase atabaki mwizi. Na kulikuwa na njia ya tatu, ya kusema kwamba hakuna aliyeiba, kwamba magunia yote arobaini ni mazima na mwongo ndiye mimi. Hapo ningelazimika kusema kwa nini. Ningelazimika kusema mbele yake kwamba nilimdhania malaya kwa ajili ya alama ya mkono.

Nikachota kwa ncha ya kidole. Nikaweka kati ya meno.

Kimya. Namba tatu.

"Je?" askari akauliza.

Jumbe Eliezeri alikuwa amefungua daftari, amelowesha penseli kwa ulimi. Kaanaeli akaamka kule kwenye migomba akaanza kulia, na mama yake hakugeuka. Alikuwa amesimama na mikono iliyojaa udongo, anasubiri. Kisha akasema, si kwa hasira, kama mtu aliyechoka kujificha.

"Waambie, Baba Kaanaeli. Mdomo wako haujawahi kusema uongo."

Miaka minne sikuwahi kumeza unga ule. Pale shambani niliumeza, nikafungua mdomo, nikaishika ile njia ya tatu.